Kabla Hujaliandikia Jarida la Sayansi na Diplomasia

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu, aghalabu watafiti wa maji, uvuvi au afya, wakitaka kujua namna ya kuandika makala itakayosomwa na mabalozi na maofisa wa wizara, si na wanasayansi wenzao peke yao. Wengi huwa wamekwisha kulisoma Science & Diplomacy, jarida lililoanzishwa mwaka 2012 na AAAS, chama cha kuendeleza sayansi cha Marekani, ambalo husomwa bure mtandaoni na ambalo huandikiwa na wanasayansi na wanadiplomasia kwa pamoja. Ninalithamini sana jarida hilo, na ninawasihi waendelee kulisoma. Hata hivyo, ninapoulizwa makala ianzie wapi, sishauri ianze na utafiti wa mwandishi. Nashauri ianze na neno linalogombaniwa katika rasimu ya makubaliano, kisha mwandishi ajiulize utafiti wake unaweza kulifanyia nini neno hilo.

Nilijifunza jambo hili Ziwa Victoria. Kwa miaka kadhaa nilishiriki katika kukadiria wingi wa samaki, hasa sangara na dagaa, kwa kutumia mawimbi ya sauti. Chombo kilichofungwa kwenye meli hutuma sauti majini, mwangwi hurudi kutoka kwenye miili ya samaki, hususan kwenye kibofu cha hewa, na mwangwi huo hugeuzwa kwa hesabu kuwa tani. Ziwa ni la Tanzania, Uganda na Kenya, na tangu nchi hizo zilipotia saini mwaka 1994 mkataba wa kuunda shirika la pamoja la uvuvi, ambalo makao yake yako Jinja, wataalamu wa pande zote tatu wamekuwa wakijitahidi kupima kwa utaratibu mmoja. Kazi ile niliipenda, na niliamini kwamba takwimu ikipatikana kwa uangalifu itajieleza yenyewe mezani.

Nikaandika makala. Nilieleza kwamba sangara wakubwa wamepungua, nikaonesha michoro minne, kisha nikahitimisha kwa kuzitaka nchi zote zidhibiti nyavu zenye macho madogo. Mhariri aliirudisha akiuliza ni nani hasa anayetakiwa kuchukua hatua, kwa mamlaka ipi, na kwa nini hajaichukua hadi leo. Sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba maswali hayo yanamhusu mtu wa fani yangu.

Majibu niliyapata baadaye, katika mkutano wa wataalamu nilikoketi nyuma ya ujumbe wetu. Rasimu ya uamuzi ilioneshwa ukutani, na kila neno ambalo hakukuwa na maafikiano juu yake liliwekwa ndani ya mabano ya mraba, kama ilivyo desturi ya majadiliano ya namna hiyo. Neno «umepungua» lilikaa ndani ya mabano alasiri nzima. Ujumbe mmoja ulikuwa umeuliza iwapo nyavu zilizotumika kuchukua sampuli za ukubwa wa samaki zilikuwa na macho yanayolingana katika nchi zote tatu. Lilikuwa swali la haki. Jibu lake, pamoja na kiwango cha shaka katika makadirio yetu, lilikuwamo kwenye ripoti, lakini tulikuwa tumeliweka katika kiambatisho cha mwisho ambacho hakuna aliyekifungua. Lilipokuja kusomwa jioni, lilipokelewa kana kwamba tulikuwa tumelificha.

Kwa hiyo ninashauri kwa msisitizo kwamba kiwango cha shaka kiandikwe katika ukurasa wa kwanza, kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu ataielewa. Shaka iliyowekwa wazi mapema huwa mali ya wote walioko mezani, nao hujadili namna ya kuamua wakiwa nayo. Ikichimbuliwa na upande wa pili, humpa sababu ya kuondoka yule ambaye tangu mwanzo hakutaka kuamua.

Huenda ukaona kwamba shaka ikitangulia hakuna nchi itakayotia saini. Itazame historia ya tabaka la ozoni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba kemikali za CFC, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, zingeliharibu tabaka hilo. Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walichapisha vipimo vilivyoonesha upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kudhibiti kemikali hizo, ilipotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, chanzo cha upungufu ule wa Antaktika kilikuwa bado kinabishaniwa. Mostafa Tolba, mwanasayansi wa Misri aliyeliongoza kutoka Nairobi Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, alizisukuma serikali zikubaliane hata hivyo, na mkataba wenyewe uliandikwa kwa kuizingatia shaka hiyo. Uliagiza hatua zake zipimwe upya angalau kila miaka minne kwa kufuata ushahidi mpya wa kisayansi, na ukazipa nchi zinazoendelea muda wa ziada. Ndiyo maana uliweza kukazwa London mwaka 1990, na ndiyo maana mwezi Oktoba 2016, mjini Kigali, ziliongezwa kemikali za HFC, ambazo haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia. Kwa maoni yangu, kifungu kile cha miaka minne ni miongoni mwa sentensi bora zilizopata kuandikwa na wanasayansi na wanasheria wakiwa meza moja, na kila kijana anayeingia katika uandishi huu anapaswa kukisoma katika mkataba wenyewe.

Utakutana pia na mgawanyo maarufu uliotolewa mwaka 2010 na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, pamoja na AAAS, wa sayansi ndani ya diplomasia (ushauri wa kisayansi katika maamuzi ya nchi), diplomasia kwa ajili ya sayansi (kuwezesha ushirikiano wa watafiti), na sayansi kwa ajili ya diplomasia (ushirikiano wa kisayansi unaojenga uhusiano wa nchi). Ufahamu, lakini usiujazie kurasa. Msomaji wa jarida kama hili anaujua, na anachokitafuta kwako ni kile ulichokiona ukumbini au melini ambacho yeye hakuwapo kukiona.

Tena, sema umeketi kiti gani. Kama uliingia mkutanoni chini ya ujumbe wa nchi yako, au utafiti wako ulilipiwa na mfadhili mwenye maslahi katika suala hilo, liandike hilo bila kungoja kuulizwa.

Rasimu ikishakamilika, mpe kwanza mtafiti wa ng'ambo ya mpaka aisome kabla hujamtumia mhariri. Mimi nilimpa mwenzangu wa Kisumu, ambaye tulikuwa tumepima naye samaki kwa misimu miwili. Takwimu zote aliziacha zilivyo. Alichokipigia mstari ni maneno mawili tu, yaliyojirudia mara tano katika kurasa nne bila mimi kuyaona: «samaki wetu».