Ukitaka kuwaachia mafundi biashara yako, wauzie, usiwape

Wazee wengi wenye karakana hapa Dar wamefika umri wa kupumzika na watoto hawaitaki hiyo kazi, mmoja yuko benki, mwingine kahamia Dodoma, wa mwisho anakwambia kabisa baba mi vumbi la mbao siliwezi. Hapo ndo mzee anaanza kuwaza, kwa nini nisiwaachie hawa vijana niliohangaika nao miaka yote? Mi kazi yangu ni hesabu, nawafanyia watu wa Keko, Gerezani na Buguruni, na hilo swali nimeulizwa sana.

Jibu langu ni sawa, waachie, ila wauzie. Na usisubiri wasia.

Kuna mzee mmoja wa makochi pale Keko alikuwa ameshaamua ataandika kwenye wasia karakana iende kwa mafundi wake. Nikamuuliza, Mzee, we ni Muislamu, wasia unaishia wapi? Akafikiri kidogo, akasema theluthi. Sasa hiyo karakana ndo karibu mali yake yote, kwa hiyo siku akifumba macho na warithi wakikataa, kinachozidi theluthi kinarudi kwao na mafundi wanajikuta wanagombania mashine ya randa na watoto wa bosi wao kabla hata arobaini haijaisha. Ukimuuzia mtu ukiwa hai, kwa maandishi, mkeo na watoto wanajua na hela imeingia, mrithi kuja kuligeuza hilo si kazi rahisi.

"Watatoa wapi hela?" Hawatoi mfukoni. Marekani wana sheria ya mambo haya toka 1974 na Uingereza wakaweka ya kwao 2014, na kote wazo linafanana, unaundwa mfuko wa udhamini unanunua hisa kwa ajili ya wafanyakazi, afu mwenye mali analipwa na faida ya biashara yenyewe. Kwa karakana ya watu nane huna haja ya mfuko, kampuni ya kawaida inatosha. Tuseme inabakiza milioni 20 kwa mwaka ukishatoa mishahara, pango na kodi, mnakubaliana bei milioni 60. Nusu ya faida, yaani milioni 10, inamlipa mzee kila mwaka, na kila akilipwa moja ya sita ya hisa inahamia kwa mafundi. Miaka sita kwisha. Mwaka ukiwa mbaya hakuna aliyedhulumiwa, hisa zinabaki zilipo mpaka hela ipatikane.

Kuna mzee mjanja aliwahi kunirukia, si hiyo faida tayari ni yangu, wananinunua kwa hela yangu! Nikamwambia kweli, ya mwaka huu ni yako, ila ukichoka ukafunga, mashine zako utaziuza bei ya chuma chakavu na wateja watawafuata mafundi huko watakakoenda. Bila wao hiyo milioni 20 ya mwaka kesho haipo.

Sasa hiyo hesabu ya faida ndo penye kazi. Pale Keko tulikaa juu ya mbao za mninga, mzee, fundi mkuu, mama anayeshona vitambaa na mimi nimeshika kaunta buku. Ukurasa wa kwanza tu wa Januari, katikati ya sponji na misumari, pameandikwa "ada 850,000". Fundi mkuu akauliza ada ya nini, mzee akasema ya mjukuu, watu kimya. Yule mama ndo akaokoa jahazi: "Basi Mzee tuandike ni mshahara wako, kwani we ulikuwa unafanya kazi bure?" Alikuwa sahihi kuliko hata mimi msomi, maana mwenye biashara asipojilipa mshahara kwenye vitabu, faida inayoonekana ni ya uongo na bei mtakayopanga itakuwa ya uongo vilevile. Jilipe mwaka mzima kwenye daftari, na mafundi waone kila mwezi, ndo mkae kuongea bei.

Makaratasi ni mepesi ila yana mitego. Angalia BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni, ulisajili nini, wengi wana jina la biashara na jina la biashara halina hisa, huna cha kugawa pale, lazima usajili kampuni. Wengine wanaogopa kwamba kampuni binafsi mwisho wanahisa 50, lakini Sheria ya Makampuni haiwahesabu wafanyakazi humo. Kodi ya faida ya kuuza hisa na ushuru wa stempu kaongee na TRA mapema. Mkataba wa pango nao, mwenye nyumba asije akasikia bosi kabadilika akapandisha kodi.

Kwenye katiba ya kampuni andikeni fundi akiacha kazi au akifariki, hisa zake kampuni au wenzake wazinunue na familia ilipwe hela, la sivyo baada ya muda wenye karakana watakuwa mashemeji na wajomba ambao hawajawahi kushika nyundo. Na deiwaka, kibarua wa kulipwa kwa siku, je? Mi naona akishafanya kazi mfululizo mwaka mmoja aingie, wengine wanabisha.

Wazee wakisikia wafanyakazi kumiliki wanakumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971, ule uliokemea ubabe wa mabosi kwa wafanyakazi, na 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapahapa Dar walipokichukua wakakiendesha wenyewe. Siwalaumu. Ila hapa hakuna anayenyang'anywa, mwenye mali ndo anaanzisha na mwenye mali ndo analipwa.

Kinachosahaulika kila mara ni lipa namba. Iko kwa jina la mzee, hela ya mteja inalala kwake, na mafundi wenye nusu ya hisa bado wanapiga simu kuomba hela ya gundi. Ihamishieni kwenye kampuni siku hisa za kwanza zinapohama, na benki wawe watia saini wawili.