Acha mianya ya slabu wazi, kisha ipande maua

Fundi akimaliza kupanga slabu uani atakuuliza kama akuzibie mianya kwa simenti. Mwambie aiache. Kwenye nyumba nyingi za mjini, mianya hiyo ndiyo sehemu iliyobaki ya kuingizia maji ya mvua ardhini, na ukiipanda mimea mifupi yenye maua, nyuki na vipepeo watapata chakula hatua chache kutoka mlangoni kwako. Ua wangu hapa Arusha nimeupanda hivyo, na sitamani tena sakafu ya ukuta kwa ukuta.

Anayelima maboga, matango au matikiti nyuma ya nyumba ndiye atakayefaidi zaidi. Ua jike lisipofikiwa na chavua ya ua dume, kijiboga hugeuka manjano na kudondoka. Anayeibeba chavua hiyo ni nyuki, naye hupenda kurudi mahali alipozoea kupata chakula. Boga huchanua kwa msimu, mimea ya mianyani huanza mapema na kuendelea baadaye.

Mmea ninaoupenda kuliko yote ni Phyla nodiflora. Hutambaa chini kabisa, hutoa mizizi kila penye pingili, na vichwa vyake vidogo vya maua meupe yaliyochanganyika na zambarau hafifu havikosi wageni. Huvumilia kukanyagwa, ukame, hata udongo wenye chumvi, kwa hiyo unamfaa pia mtu wa Tanga au Mtwara. Chini ya mti, penye kivuli chepesi, weka Arachis pintoi, jamaa ya karanga. Maua yake ni ya njano, na mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Hurefuka, kwa hiyo upe mianya mipana na uupunguze kwa mkasi. Pembeni penye jua kali pasipopitwa sana, Portulaca grandiflora hupendeza mno. Chagua zenye safu moja ya petali, kwa maana zile zilizojaa petali kama waridi humzuia nyuki kufikia chavua.

Vitaluni watakuonyesha pia wedelia, yaani Sphagneticola trilobata, yenye majani ya kung'aa na maua ya njano. Ikatae, hata ukipewa bure. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kipande kikitupwa kwenye mfereji huota, na kikishashika kingo za mto huifunika mimea mingine yote.

Panda masika yanapoanza. Mwanya uwe na upana wa sentimita 3 hadi 5, na uchokonoe mchanga na mabaki ya simenti hadi kina cha sentimita 7 hivi, bila kugusa mchanga ulioshindiliwa chini ya slabu yenyewe. Jaza udongo, mchanga na mboji iliyooza vizuri, ukiacha sentimita 1 chini ya uso wa slabu. Nafasi hiyo ndogo ina maana kubwa: uzito wa mguu unaangukia jiwe na shina linapona. Kata vipandikizi vyenye pingili tatu, fukia mbili, shindilia kwa vidole na umwagilie jioni. Mpaka vishike, laza ubao juu ya slabu watu wapite hapo.

Magugu yang'oe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Dawa ya kuua magugu usiilete hapa hata kidogo, itaua na ulichopanda. Vilevile acha mianya michache bila kitu, hasa kwenye kona kavu yenye jua. Aina nyingi za nyuki haziishi mizingani. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini na kutaga humo. Ukiona vitundu vidogo vyenye kifusi cha udongo mdomoni, usivimwagie maji wala kuvifukia.

Kwa wenye watoto wanaocheza pekupeku: nyuki aliye kwenye ua hana haja na mtu, ila akikanyagwa atauma. Kwenye njia ya kwenda bombani na pale watoto wanapochezea, kata vichwa vya maua kila vinapochomoza, majani yabaki. Maua yote yaache pembeni, upande wa ukuta na bustani ya mboga.