Majani ya Kivu kuwa pinki, picha imechezewa?

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Bukoba, mke wangu ni mtu wa Goma. Juzi shemeji katutumia picha za milima ya Masisi, wanajeshi wamesimama kwenye nyasi na nyasi zote pinki tupu, mlima mzima pinki. Mke wangu kakasirika sana, anasema kwao ni kijani, hawa watu wanaipaka vita yetu rangi kama kitenge. Je, hiyo ni editi? Na ni halali kupiga picha za vita namna hivyo?

JIBU: Salama kaka, msalimie sana wifi. Hizo bila shaka ni za Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland aliyekuwa anakwenda Kivu kuanzia 2010. Sio editi, rangi imetoka kwenye filamu yenyewe ya kamera, inaitwa Kodak Aerochrome. Jani bichi linarudisha kijani kidogo tu, ndo hicho tunachokiona, lakini kuna mwanga mwingine wa infraredi ambao macho yetu hayaudaki na jani linaurudisha kwa wingi sana, sasa filamu hii ina tabaka la kuudaka halafu ikisafishwa unatoka mwekundu au pinki. Kama unaona ni maneno tu, chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu halafu bonyeza, simu nyingi zitakuonyesha taa ndogo inawaka pale kwenye ncha ya rimoti na kwa macho yako huoni kitu. Ni mwanga wa jamii hiyohiyo.

Na filamu za namna hii zilianzia jeshini, enzi za Vita vya Pili vya Dunia, zinapigwa kutoka kwenye ndege kutafuta waliojificha, maana kijani cha kupaka au matawi yaliyokatwa yakanyauka juu ya gari hayatoki kama msitu ulio hai. Kwa hiyo Mosse alichukua kifaa cha kufichua adui akakielekeza kwenye vita ambayo dunia imeizoea mpaka haiioni tena, na mwaka 2013 akaionyesha kazi hiyo kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, skrini sita chumba kimoja.

Mimi nakubaliana naye kwenye milima. Ile pinki inakusimamisha, unajiuliza hapa pana nini, unatazama tena. Ila wifi naye ana haki ya kuumia, kwa sababu hapo ni kwao, na picha ambayo mtu anaondoka nayo anakumbuka rangi tu, hakumbuki sura ya yule aliyesimama mbele ya kamera, hiyo kwangu imeshindwa hata ingetundikwa wapi. Mwandishi wa picha akitumia filamu hii lazima aseme wazi chini ya picha kwamba ni infraredi, na aseme ni wapi na ni nani, asimwachie msomaji abahatishe kama ulivyobahatisha wewe.

Kaeni naye mzitazame tena, safari hii mziangalie nyuso kwanza. Halafu muulize hivyo vilima anavijua, vinaitwaje.