Mpe kijana kazi, kisha mwandikie barua

Juzi jioni binti aliyefanya kazi kwangu likizo mbili mfululizo alinipigia simu huku analia. Amepata ajira! Kwenye usaili walimuuliza ni lini aliharibu kazi, akawasimulia siku alipotuma ankara kwa mteja siye, kisha akampigia mteja huyo na kumwomba radhi kabla hata mimi sijajua. Usiku ule usingizi ulinipaa kwa furaha.

Nikakumbuka yangu. Nilikuwa na miaka 16, nasubiri matokeo ya mtihani, nikaingia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Mwanzoni nilifagia na kuhesabu rimu za karatasi. Baadaye fundi mmoja akaniita kwenye mashine ya kukatia. Akanifundisha kupepea karatasi zisigandane, kuzigongagonga mezani mpaka kingo zilingane, ndipo niziingize chini ya kisu. Siku ya tatu nikakata kadi 200 za harusi, zote fupi, jina la bibi harusi limekatika katikati. Fundi hakunitukana. Alinishikisha kadi moja, akasema, “Mpelekee mwenye kiwanda, mwambie umefanya nini.” Zile hatua chache mpaka mlangoni kwake zimenifundisha kazi kuliko darasa lolote.

Leo nisingemruhusu kijana wa umri ule akisogelee kile kisu. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataka kazi za hatari zisubiri mpaka kijana afikishe miaka 18, na ni haki.

Baada ya miezi minane niliomba barua ya utambulisho. Mwenye kiwanda akanijibu, “Barua ya nini? Wewe ulikuwa unafagia.” Miaka imepita, neno hilo bado linanichoma. Kila nilikobisha hodi niliulizwa uzoefu, nami sina hata karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wenye ofisi na karakana: ukimpokea kijana, mpe kazi moja iliyo yake, aianze na aimalize. Mpe mtu wa kumsahihisha. Mlipe. Pendekezo namba 208 la shirika hilohilo, la mwaka 2023, linataka uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, uwe na mkataba, malipo na cheti kinachotambulika. Ujerumani mwanagenzi hugawa wiki yake kati ya chuo na kazini, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Sisi tunamtuma chai miezi mitatu, halafu tunalalamika vijana hawajui kazi. Tuache!

Na wewe kijana, usingoje cheti ndipo uanze. Fika mapema, uliza, andika ulichojifunza kila siku. Ukiharibu, sema mwenyewe.

Barua niliyomwandikia yule binti ilikuwa na mistari minne tu: alifanya nini, kwa muda gani, alikosea wapi, alirekebishaje. Ameniambia waliisoma yote mbele yake, kisha wakamuuliza anaweza kuanza lini.