Kwa Nini Hakupigwa Eksirei Kwanza?

SWALI: Assalamu alaikum, daktari. Mdogo wangu aliteleza mashuani karibu na Kizingitini, ncha ya chusa ikamwingia chini ya chuchu ya kushoto. Tundu lilikuwa dogo kama la kifungo. Hospitalini daktari alimtazama shingo, akamgonga-gonga kifua, akampitishia altrasaundi, kisha wakamkimbiza kwenye upasuaji bila eksirei. Amepona, alhamdulillahi, lakini je, hawakuruka hatua? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Waalaikum salaam. Hawakuruka hatua, kwani udogo wa tundu hauonyeshi ncha ilifika wapi. Moyo umo ndani ya mfuko usiotanuka upesi, na damu ikivujia humo, hata mililita 100 zaweza kuubana usijae. Ndiyo maana alitazamwa shingo: mishipa yake ikivimba, shinikizo la damu likishuka na mapigo ya moyo yakisikika kwa mbali, moyo hudhaniwa kubanwa. Dalili hizo tatu zilielezwa na daktari Claude Beck wa Marekani mwaka 1935, ila ni nadra kukutana zote, na aliyepoteza damu nyingi huenda shingo yake isivimbe kabisa. Hapo altrasaundi, inayoonyesha damu kando ya moyo kwa dakika chache, ndiyo hukata shauri.

Kule kugonga kifua nako si mazoea tu. Hewa iliyonaswa nje ya pafu hulia kama ngoma, damu hutoa mlio mzito. Hewa ikizidi kuingia bila kutoka, pafu husinyaa na moyo husukumwa upande wa pili. Hali hiyo hutambuliwa kwa macho, masikio na mikono, na hewa hutolewa papo hapo, kwa kuwa anayengojeshwa picha anaweza kufia mlangoni mwa chumba cha eksirei. Damu iliyojaa kando ya pafu nayo hutolewa kwa mpira mwembamba kama bomba unaopenyezwa kifuani, na zikitoka mililita 1500 mara moja, kwa kawaida mgonjwa hupasuliwa.

Eksirei ni ya aliyetulia, na hurudiwa baada ya saa kadhaa, maana hewa huweza kujikusanya polepole. Kwa jeraha la chini ya chuchu, tumbo pia huchunguzwa, kwa sababu tunapotoa pumzi ini na bandama hupanda hadi ndani ya mbavu.

Hukusema nani alikichomoa chusa. Kikinasa huachwa palepale, kikazungushiwa vitambaa kisitikisike, na mgonjwa akapandishwa botini nacho, kwani huenda ndicho kilichoziba mshipa uliotoboka.