Kuvunja mstari kila herufi 32: andika lupu yako kwa mkono kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Rongai aliniandikia hivi: “Dada, chuoni tumepewa zoezi. Tuchukue aya ndefu, tuweke mstari mpya kila baada ya idadi fulani ya herufi. Nimeuliza akili unde, ikanipa jibu la mstari mmoja na linafanya kazi. Mwalimu amelikataa, anataka lupu. Kwani anatusumbulia nini?”

Lupu ni maagizo yanayoiambia kompyuta irudie hatua ileile mpaka kazi iishe. Nilianza kumjibu kwa upole. Kufika sentensi ya tatu nikaona nimeshapandisha sauti, na mtoto wa watu hajanikosea lolote. Swali lake lilinitonesha donda la zamani, basi acha nilijibu hapa hadharani. Najua wengi mnaonisoma mko njia moja na yeye: mnajisomea kwenye simu ndani ya matatu, mnatafuta kazi ya programu, na mnaiwaza ile kazi ya mbali inayolipwa kwa dola ukiwa umekaa kwako Kayole na chai yako kando.

Donda lenyewe ni hili. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika kampuni moja huko Westlands. Sitaitaja. Nilipewa kalamu, nikasimamishwa mbele ya ubao mweupe, nikaulizwa swali lilelile la msomaji wangu. Nikaandika lupu, na ilikuwa sahihi. Kaka aliyekuwa akinihoji akatabasamu, akamgeukia mwenzake, akasema watu waliojifunzia mtaani ndivyo walivyo, wanasaga mahindi kwa jiwe na poshomili iko hapo jirani. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ungefanyaje? Baadaye ikaja barua pepe ya kunishukuru kwa muda wangu na kunitakia heri.

Nikiwa kwenye ngazi nikishuka ndipo majibu yote yalipokuja, kama kawaida ya majibu mazuri. Ningemwambia kwamba kila anapotuma picha kwa barua pepe, picha hiyo hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na kanuni za barua pepe zinataka mistari yake isizidi herufi 76. Ningemwambia kwamba vile vyeti vya usalama vinavyowekwa kwenye seva za tovuti, ukivifungua kama maandishi, utakuta vimekatwa kila herufi 64. Na zile herufi 80 ambazo mpaka leo watu wa programu wanazitaja kama upana wa mstari ni urithi wa kadi za kutobolewa za IBM zenye safu 80, zilizotoka mwaka 1928. Hakuna aliyezikata hizo kwa kuombea. Mtu aliketi akaandika lupu, akahesabu.

Sikumwambia. Niliingia matatu nikaenda nyumbani.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nitembee kifua mbele mwezi uliopita. Kuna mzee ana duka la nafaka Nyamakima, anauza kwa jumla na kwa rejareja. Alikuwa ameuziwa programu ya risiti na watu fulani waliochukua pesa kisha wakaacha kupokea simu. Printa yake ni ile ndogo ya karatasi ya milimita 58, ambayo kwa herufi za kawaida inabeba herufi 32 kwa mstari. Programu ile ilikuwa ikikata jina la bidhaa likifika herufi ya 32, liwe limefika wapi liwe.

Chukua kalamu uhesabu: “Mchele wa Pishori wa Mwea kilo 25”. Ukijumlisha nafasi, ni herufi 33. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa risiti ulisomeka “Mchele wa Pishori wa Mwea kilo 2”, na ile 5 ikaangukia chini peke yake, karibu na bei, ikidhaniwa ni namba nyingine kabisa. Mteja mmoja wa hoteli alikataa kulipa. Alishika risiti akasema hapa pameandikwa kilo mbili, na kwa bei hiyo huu si mchele, ni dhahabu. Mzee alinieleza kisa hicho akiwa hacheki hata kidogo.

“Binti yangu,” akaniambia, “mimi sijui kompyuta. Najua tu kwamba 25 na 2 si kitu kimoja.”

Nakuhakikishia, hakuna mhandisi aliyewahi kunieleza tatizo vizuri kuliko hivyo.

Nilifungua ule msimbo nikakuta kitu kama hiki, hapa nimekiandika upya kwa lugha ya programu ya Python ili mfuate:

    mistari = []
    for i in range(0, len(maandishi), 32):
        mistari.append(maandishi[i:i+32])
    print("\n".join(mistari))

Hii ni lupu halali, na kwa zoezi la msomaji wangu inatosha kabisa. Inaruka hatua 32, inachukua kipande, inakiweka pembeni, mwishoni inaviunganisha vipande vyote kwa alama ya mstari mpya. Angalia kwamba haichomeki chochote ndani ya maandishi yenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Ukichomeka alama ya mstari mpya ndani ya maandishi huku unasonga mbele, maandishi yanarefuka, na alama yenyewe inahesabiwa kama herufi. Mstari wa kwanza utakuwa na herufi 32, wa pili 31, na inayofuata yote 31, nawe utakaa usiku kucha unashangaa moja imeenda wapi. Kama ni lazima uchomeke, anzia mwisho wa maandishi urudi nyuma, ili uliyoyagusa yasisogeze ambayo hujayafikia.

Wengine hutumia baki: namba ya nafasi ikigawanyika kwa 32 bila kubaki kitu, vunja mstari. Sawa, ila kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, na sifuri inagawanyika kwa 32 bila kubaki kitu. Unapata mstari mtupu juu kabisa, kabla ya herufi ya kwanza. Kwenye skrini ni rahisi kutoutambua. Kwenye karatasi ya risiti, mzee ataulizia nani anamlipia karatasi.

Turudi dukani. Nilichomwandikia mzee hakikati katikati ya neno, kinakwenda neno kwa neno:

    mistari = []
    mstari = ""
    for neno in maandishi.split():
        if mstari and len(mstari) + 1 + len(neno) > 32:
            mistari.append(mstari)
            mstari = neno
        elif mstari:
            mstari = mstari + " " + neno
        else:
            mstari = neno
    if mstari:
        mistari.append(mstari)

Ile moja katikati ni nafasi kati ya maneno. Ukiisahau, mstari utazidi. Na ile “if” ya mwisho, iliyo nje ya lupu, ndiyo inayobeba mstari wa mwisho. Lupu inapokwisha, mstari huo bado uko mkononi, haujawekwa popote. Ukiiacha, risiti inakosa mstari wa chini, na kwenye risiti huko chini ndiko kwenye jumla.

Kwa hiyo mchele wetu ukakatika baada ya “kilo”, na “25” ikashuka mstari wa pili ikiwa nzima. Nilimwonyesha mzee nikiwa najisikia. Akaitazama risiti, akaitazama tena, akasema, “Bado umewatenganisha.” Kweli. Kilo ziko juu, idadi iko chini. Nikaweka alama ya ~ kati ya kipimo na namba, lupu ikaona “kilo~25” kuwa neno moja, kisha kabla ya kuchapa nikaigeuza alama ile kuwa nafasi. “Mchele wa Pishori wa Mwea” juu, “kilo 25” chini. Mzee akaikunja ile risiti akaitia mfukoni mwa koti. Nimelipwa kazi kubwa zaidi ya hiyo na sikufurahi hivyo.

Sasa niambie, poshomili gani ingenipa hilo? Ndiyo, Python ina maktaba yake, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, iitwayo textwrap, na inakata kwa maneno vizuri tu. Usipoiambia lolote inachukua upana wa herufi 70. Naitumia. Lakini maktaba haijui kwamba kilo na 25 ni mtu na mkewe. Wewe ndiye unayejua, na huwezi kuijulisha kama hujui inafanya nini ndani.

Kuna jambo jingine dukani lililonipa kazi zaidi, nalo linawahusu wote wanaoandika programu kwa Kiswahili au lugha zetu nyingine. Mzee anauza pia chakula cha ng'ombe. Orodha ya bidhaa ilikuwa imechapwa na kijana wake kwenye programu ya kuandikia barua, na programu hizo hupenda kuigeuza ile alama ya juu ya ng' iwe ya kupinda. Kwa macho ni kitu kilekile. Kwa kompyuta si kitu kilekile: alama iliyonyooka ni baiti moja, ile ya kupinda ni baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Printa ile ya bei nafuu haijui UTF-8, kwa hiyo ilichapa “ngΓÇÖombe”. Mbaya zaidi, Python inaihesabu alama ile kuwa herufi moja na printa inachapa tatu, basi mstari uliojaa herufi 32 kwangu ulikuwa 34 kwake, na mbili zikamwagika chini.

Upande wa SMS hasara ni ya pesa kabisa. Ujumbe wa kawaida una nafasi ya herufi 160. Weka ndani yake alama moja tu ya kupinda, moja tu, na ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa herufi wenye nafasi 70. Ukizidi 70 unagawanywa vipande vya 67. Kwa hiyo tangazo la herufi 120 la kuwaambia wateja chakula cha ng'ombe kimefika lilikuwa linahesabiwa kuwa jumbe mbili kwa kila mteja. Majina yenye ĩ na ũ za Kikuyu yanafanya vivyo hivyo. Dawa ya ile alama ni ndogo: kabla hujahesabu chochote, geuza za kupinda ziwe za kunyooka. Kabla, nasema. Ukihesabu kwanza ukasafisha baadaye, umehesabu bure.

Ndiyo maana nawaambia: andika lupu kwa mkono. Mashine ikikupa jibu la mstari mmoja inakupa jibu la swali ulilouliza, na wewe hukuuliza kuhusu ng'ombe. Hukuuliza kuhusu anwani ya mteja ambayo tayari ina mistari yake miwili ndani. Kwa njia, lupu yangu ya maneno niliyoionyesha hapo juu inaimeza mistari ya namna hiyo, kwa sababu split, ile amri inayogawa maandishi kuwa maneno, huiona kama nafasi tu. Anwani ivunje kwanza kwenye mistari yake, kisha upitishe kila mmoja kwenye lupu peke yake, na hesabu ianze upya kila mara. Kizazi hiki tunataka dola kabla ya kujua kuhesabu mpaka 32. Tunajaza wasifu wetu majina ya maktaba kumi na tano, ukiulizwa moja inafanya nini ndani unatazama dari. Nasema kwa ukali kwa sababu niliwahi kuchekwa nikiwa sahihi, na sitaki mchekwe mkiwa hamjui hata kama mko sahihi. Andika kwa mkono. Ukishaiandika, ikakukatalia, ukaitengeneza, hapo itumie maktaba na mtu akikucheka mjibu papo hapo, usingoje ngazi.

Kwa msomaji wangu wa Rongai: mpelekee mwalimu lupu ya kwanza, umweleze kwa mdomo kwa nini unakusanya vipande badala ya kuchomeka. Kabla hujampelekea, ijaribu kwa maandishi matupu, kwa maandishi ya herufi 32 kamili, kwa ya 33, kwa neno moja refu kuliko mstari, na kwa sentensi yenye ng'ombe wawili, mmoja wa alama iliyonyooka na mmoja wa iliyopinda. Ukiona mstari mtupu juu, rudi kwenye sifuri. Ukiona herufi za mwisho zimepotea, tazama kilichobaki mkononi lupu ilipokwisha.

Na siku utakapopeleka kazi yako kwa mteja mwenye printa, pitia barabara ya Luthuli, Nairobi, ununue roli zako mwenyewe za karatasi. Ya dukani huisha ukiwa katikati ya majaribio, na wateja wako kwenye foleni wanakuangalia.