Kuogelea chali au kinyumenyume?

Msomaji anayeandika makala za michezo ameniuliza kuhusu sentensi yake moja. Ameandika: “Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, Sybil Bauer wa Marekani alishinda mbio za kuogelea kinyumenyume za wanawake.” Mhariri wake amefuta “kinyumenyume” akaweka “kwa mgongo”. Mwenzake anashikilia kuwa neno ni “chali”. Anataka kujua nani yuko sahihi.

Mwenzake. Andika chali.

Anayekwenda kinyumenyume uso wake unatazama atokako, na mgongo ndio unaotangulia. Mtu anayetoka mbele ya mkubwa kwa heshima bila kumpa kisogo hutoka hivyo, na lori linaloingizwa uani kwa rivasi vilevile. Sasa mtazame Bauer majini. Uso unaelekea juu, mgongo umelala kwenye maji, mikono inapokezana kupita juu ya kichwa, na kinachotangulia ni utosi. Mgongo wake unatazama chini, kwenye sakafu ya bwawa. Kwa hiyo “kinyumenyume” linataja upande wa mwendo, wakati jambo linalotofautisha mtindo huu na mingine ni mkao wa mwili. Kiswahili kina maneno mawili ya mkao huo, na kila mzazi aliyewahi kumlaza mtoto anayajua: kifudifudi na chali.

Nakiri kosa hili lina chanzo. Mashindano ya chali huanzia majini, mwogeleaji akiwa ameshika ukingo, uso ukutani na mgongo kule anakokwenda. Katika nukta ile ya kujisukuma anaondoka kinyumenyume kweli. Lakini hiyo ni nukta tu. Mita zote zinazofuata anazimaliza akiwa chali.

Kuna sababu nyingine ya kuliepuka “kinyumenyume”, nami naiona nzito zaidi. Anayeogelea chali hauoni ukuta anaouendea. Berlin mwaka 1936, Nida Senff wa Uholanzi aligeuka katika fainali ya mita 100 bila kuugusa ukuta, ikambidi arudi nyuma akauguse, ndipo aendelee. Hata hivyo alishinda kwa dakika 1 na sekunde 18.9, sekunde 0.3 tu mbele ya Mholanzi mwenzake, Rie Mastenbroek. Simulia kisa hicho ukiwa umeshaandika kwamba waogeleaji wote walikuwa wanakwenda kinyumenyume. “Akarudi nyuma” itamaanisha nini? Msomaji hatajua tena mbele ni wapi. Ukiandika chali, “nyuma” linabaki na kazi yake.

Mhariri aliyeweka “kwa mgongo” hakukosea vibaya. Shida ni kwamba “kwa” hiyo kwa kawaida hutaja kifaa: tunakula kwa mkono, tunapiga mpira kwa kichwa. Katika mtindo huu mikono na miguu ndiyo inayosukuma maji. Kwa hiyo “mtindo wa mgongo” kama jina la mchezo naukubali bila ugomvi, ila “aliogelea kwa mgongo” naona unaupa mgongo kazi isiyo yake. Pwani utasikia pia kitanitani, na ni neno zuri. Lakini katika habari ya michezo itakayosomwa kutoka Mombasa hadi Bujumbura, chali ndilo litakaloeleweka na wengi zaidi. Vijana wa Nairobi wana chali yao ya Sheng, yaani kijana wa kiume, lakini baada ya “kuogelea” hakuna atakayechanganya.

Chali ni kielezi, halibadiliki. Aliogelea chali, waliogelea chali. Usiandike “kwa chali”.

Limebaki jambo ambalo msomaji wangu hakuuliza, nalo ni hiyo “za wanawake” mwishoni mwa sentensi. Imekaa mbali na “mbio”, na ukibadilisha neno utapata “kuogelea chali za wanawake”, ambalo halisomeki. Tanguliza wanawake: “shindano la wanawake la mita 100 chali”. Tena shindano, kwa umoja, kwa sababu Paris lilikuwa moja tu la mtindo huo kwa wanawake, na ndilo la kwanza katika historia ya Olimpiki, ingawa wanaume walikuwa wakishindania medali za chali tangu mwaka 1900.

Umakini huu Bauer anaustahili. Mwaka 1922 huko Bermuda aliogelea yadi 440 chali kwa dakika 6 na sekunde 24.8, muda uliopita rekodi ya wanaume ya wakati ule. Paris alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 23.2, Phyllis Harding wa Uingereza akafika zaidi ya sekunde nne baadaye. Alifariki kwa saratani Januari 1927, akiwa na miaka 23, kabla ya Olimpiki ya Amsterdam ambako Marie Braun wa Uholanzi alilitwaa taji hilo.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: “Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, Sybil Bauer wa Marekani alishinda shindano la wanawake la kuogelea mita 100 chali.”